Polisi kakuomba akusachi gari ukajibu "sawa": sheria ya Marekani inasemaje

Swali la msomaji, kwa kifupi: "Mimi Mtanzania naishi Columbus, Ohio. Juzi usiku natoka kazini kwenye godauni, nimempakia shemeji yangu, polisi akanisimamisha akasema taa ya pleti namba ya nyuma haiwaki. Akachukua leseni, akarudi na onyo tu bila faini. Nimeshaanza kushukuru akaniuliza kama kuna kitu kibaya ndani ya gari, nikasema hapana, akasema basi sina shida akiangalia? Nikasema sawa. Wakatushusha wote, wakatupapasa, wakasachi mpaka buti na begi la kazi la shemeji, na shemeji akadaiwa kitambulisho. Hawakukuta kitu. Walikuwa na haki? Na siku nyingine nifanyeje?"

Kaka pole sana, ile hali ya kusimama pembeni ya barabara usiku huku mtu anachambua vitu vyako inaudhi hata kama huna kosa lolote. Nakupa jibu kwanza halafu maelezo yatafuata: kukusimamisha walikuwa na haki, kuwashusha walikuwa na haki, kuwapapasa hapo ndo pana utata, na kusachi gari haki hawakuwa nayo mpaka wewe mwenyewe ulipowapa kwa kusema sawa. Usiku ule wote kitu kilichobadilisha mambo ni hilo jibu lako.

Na sikulaumu, maana sisi tumelelewa hivyo. Mtu akikuomba kitu kwa upole humkatalii usoni, sembuse mwenye sare na bastola kiunoni, ukichanganya na uzoefu wa trafiki wa nyumbani ambako ukijifanya mjuaji wa sheria ndo kwanza unatafutiwa makosa mengine, mdomo unasema sawa kabla kichwa hakijafika. Polisi wa huku wanalijua hilo, na si kwa Waswahili tu, ni binadamu wote, ndo maana wanauliza badala ya kuamuru. Polisi mwenye sababu ya kisheria ya kusachi hahitaji kuomba, anaweza kusachi tu. Ukiona anaomba, mara nyingi ni kwa sababu hana kitu kingine cha kusimamia.

Msingi wa yote haya ni Marekebisho ya Nne ya Katiba yao, ya mwaka 1791, yanayokataza serikali kumsachi mtu, nyumba yake, karatasi zake na mali zake, au kumkamata, bila sababu ya maana. Hayachagui raia na mgeni, wewe unayeishi hapa na makaratasi yako yanakulinda vilevile. Shida ni kwamba Katiba haikueleza sababu ya maana ni ipi kwa gari lililosimamishwa saa sita za usiku, hiyo imejengwa na Mahakama ya Juu kesi baada ya kesi, na kesi kubwa tatu kati ya hizo zimetoka humohumo Ohio unakoishi.

Ya kwanza kwako wewe ni ya Cleveland. Tarehe 31 Oktoba 1963 mpelelezi mmoja wa siku nyingi, Martin McFadden, alikuwa anatembea katikati ya mji akaona vijana wawili wanapishana mbele ya dirisha la duka, mmoja anaenda anachungulia anarudi wanaongea, mwenzake naye anaenda anachungulia anarudi, hivyohivyo mara nyingi, baadaye akaja wa tatu wakateta naye. Mzee akahisi wanapeleleza duka ili wavamie. Akawafuata, akawauliza majina, wakamung'unya maneno, akamgeuza mmoja wao, John Terry, akampapasa juu ya koti akakuta bastola. Kesi ikapanda mpaka Washington, mwaka 1968 majaji 8 dhidi ya 1 wakasema alichofanya ni halali, na tangu siku hiyo ndo tuna ngazi mbili za sababu badala ya moja.

Ngazi ya chini mimi naiita shaka yenye msingi. Polisi akiwa nayo anaweza kukusimamisha kwa muda mfupi akuulize. Lakini lazima aweze kutaja vitu alivyoviona au kuvisikia, vitu vyenyewe, siyo "nilihisi tu" wala "alikaa vibaya". Ngazi ya juu ni sababu ya kutosha, yaani mazingira yanayomfanya mtu mwenye akili timamu aamini kwamba hapa kuna uwezekano wa kweli wa kosa au ushahidi wa kosa, na hiyo ndo inayohitajika kukukamata, kupata hati ya upekuzi kwa jaji, au kusachi gari bila ruhusa yako. Chini ya ngazi zote mbili kuna maongezi ya kawaida tu, polisi anakuja anakusalimia anakuuliza unatoka wapi, hapo huna lazima ya kujibu na unaweza kuondoka, ingawa wengi wetu hatujui kwamba tunaweza.

Sasa zingatia kitu ambacho hata raia wa hapa wanakichanganya. Kupapaswa siyo sehemu ya kusimamishwa. Kusimamishwa kuna sababu yake na kupapaswa kuna sababu yake, polisi lazima awe na shaka yenye msingi kwamba una silaha na ni hatari, na hata hapo anapapasa juu ya nguo kutafuta silaha, hatafuti bangi wala hela. Mwaka 1993 kuna kesi ya Minnesota, polisi alipapasa akagusa kitu kidogo mfukoni, akajua siyo silaha, ila akaendelea kukibinyabinya na kukisogeza mpaka akajua ni kokeini, mahakama ikautupa huo ushahidi. Kwa hiyo nyinyi wawili mnatoka kazini, taa ya pleti imeungua, mmeshapewa onyo, mnaongea vizuri, walikuwa na shaka gani kwamba mna bastola? Kwa ulivyonieleza mimi siioni. Labda watasema mmoja wenu alikuwa anapeleka mkono chini ya kiti, au nguo ilikuwa imetuna, hayo watayaandika kwenye ripoti na ndo maana nitakwambia mbele kuhusu video.

Hiyo shaka yenye msingi ikiachiwa bila kuangaliwa inageuka mpira, unavutwa popote. Pale New York mwaka 2011 polisi walisimamisha watu zaidi ya mara 685,000, wengi mno ni weusi na Walatino, na karibu 9 kati ya kila 10 waliachiwa bila hata karatasi ya kosa. Mwaka 2013 jaji Shira Scheindlin akasema namna walivyokuwa wanafanya inavunja Katiba. Sikwambii hivi kukutisha, nakwambia ili uelewe kwamba sheria kuwa nzuri kwenye karatasi na kutendwa barabarani ni vitu viwili, hilo hata nyumbani tunalijua vizuri.

Turudi kwenye gari lako. Taa ya pleti: sheria ya Ohio inataka pleti ya nyuma imulikwe na taa nyeupe mtu aisome usiku, kwa hiyo ikiwa imeungua ni kosa, dogo lakini kosa, na kosa dogo la barabarani linatosha kukusimamisha. Utaniuliza, je kama taa ilikuwa kisingizio tu na kilichomvuta ni sura zetu? Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ilisema wazi, majaji wote, kwamba kosa la barabarani likiwepo kweli, nia ya polisi moyoni haiharibu uhalali wa kukusimamisha. Ubaguzi una mlango mwingine wa kulalamikia, ila siyo huu. Na mwaka 2014 wakaenda mbali zaidi, North Carolina polisi alimsimamisha mtu kwa taa moja ya breki kuungua wakati mahakama ya huko ikaja kusema sheria inadai taa moja tu, wakasema polisi kakosea kusoma sheria lakini kakosea kwa namna inayoeleweka, basi halali! Wewe raia usipoijua sheria huna utetezi, yeye akikosea anaeleweka. Haya.

Kuwashusha nako kumeshaamuliwa siku nyingi, dereva tangu 1977 na abiria tangu 1997, polisi akishasimamisha gari kihalali anaweza kusema shukeni na mnashuka, hahitaji sababu nyingine. Ila hapa nitoe angalizo kwa wanaotoka kwetu: usishuke mwenyewe. Nyumbani ni adabu, unashuka, unamfuata afande, unamsalimia, mnayamaliza. Hapa ukifungua mlango bila kuambiwa anaona hatari inamjia. Kaa, zima injini, washa taa ya ndani, mikono juu ya usukani, leseni usiichomoe mpaka uombwe na sema kabla hujapeleka mkono kwenye droo ya dashibodi. Na ile tabia ya kukunja noti ndani ya leseni, tafadhali sana, hapa ni kosa kubwa la jinai na kwa mgeni linaweza kukuondoa nchini.

Tufike kwenye penyewe, hilo "sawa".

Mwaka 1973 kuna kesi ya California ambayo utadhani ni ya kwako, polisi alisimamisha gari usiku wa manane kwa sababu taa moja ya mbele na taa ya pleti zilikuwa zimeungua, akaomba kuangalia, mmoja akasema we angalia tu, wakakuta hundi za wizi chini ya kiti cha nyuma. Mahakama ikasema ruhusa ikitolewa kwa hiari inatosha, na polisi hana wajibu wa kukwambia kwamba unaweza kukataa. Halafu 1996 ikaja ya kwenu Ohio, jirani na Dayton kwenye barabara ya I-70, jamaa anaitwa Robert Robinette alikuwa anaenda maili 69 kwa saa mahali pa 45 penye ujenzi, kapewa onyo la mdomo, karudishiwa leseni, kisha askari akamwambia swali moja kabla hujaenda, una kitu chochote haramu kwenye gari? Akasema hana, akaombwa asachiwe, akakubali, wakakuta bangi kidogo na kidonge. Unaona wanavyofuata mchezo uleule? Onyo, leseni mkononi, moyo umeshatulia, halafu swali la mlangoni. Mahakama ya Juu ikasema Katiba haimlazimishi askari akwambie kwanza "uko huru kuondoka" ndipo akuombe.

Lakini kesi haikuishia hapo, na hii wengi hawaijui kwa sababu magazeti huwa yanaishia Washington. Ilirudishwa Ohio, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Ohio iliangalia mazingira yote, askari alikuwa hana shaka yoyote mpya juu ya Robinette, swali limeunganishwa na kurudishiwa leseni bila hata kupumua, wakasema mtu wa kawaida pale asingejiona yuko huru, alichofanya ni kutii tu mwenye mamlaka, siyo kuruhusu kwa hiari. Ushahidi ukatupwa. Kwa hiyo kaka, kama wangekuta kitu kwenye gari lako, wakili wako angeingia na hoja hiyohiyo na angekuwa na pa kusimamia: kazi ya taa ilikuwa imeisha, hakukuwa na kipya, na kama Kiingereza chako kinayumba hilo nalo jaji analipima, kama kweli ulielewa unachoruhusu. Ila ni hoja, siyo ushindi. Unapanda mahakamani kubishania kama "sawa" yako ilikuwa ya hiari wakati ungeweza kutoisema kabisa.

Begi la shemeji ni jambo lingine. Ruhusa yako ni ya vitu vyako. Ukiruhusu gari lisachiwe kwa ajili ya madawa, mahakama ilishasema mwaka 1991 kwamba inaingia mpaka kwenye mifuko iliyomo ndani inayoweza kuficha madawa, lakini begi la mtu mwingine ambaye yupo palepale na polisi anajua au anapaswa kujua ni la kwake, wewe huna mamlaka nalo, alitakiwa aombwe mwenyewe. Ingekuwa wana sababu ya kutosha juu ya gari zima, hapo wangefungua hata mabegi ya abiria bila kuomba mtu, ni ya 1999 hiyo. Hawakuwa nayo.

Sasa unakataaje bila kuonekana mkorofi? Kwa upole uleule uliozoea, maneno tu ndo yanabadilika. Anasema huna shida nikiangalia, unajibu "I don't consent to a search, officer", yaani sikubali kusachiwa, afande, basi, huongezi sababu, hujitetei. Kisha unauliza "Am I free to go?", yaani niko huru kuondoka? Akisema ndiyo, washa gari uende taratibu. Kukataa peke yake hakumpi shaka wala sababu ya kutosha, asije akakwambia ukikataa maana yake unaficha kitu. Na kama umesharuhusu ukabadili mawazo katikati, sema kwa sauti inayosikika kwamba umeondoa ruhusa, isipokuwa kama ameshakuta kitu. Akisachi baada ya kukataa, MWACHE ASACHI. Usimshike mkono, usizibe mlango, usipige kelele, rudia tu kwamba hukubali ili kamera inase. Barabarani hakuna hakimu, ukishindana pale unaumia au unapata kesi mpya ya kumzuia afisa, na hiyo kesi mpya itasimama hata kama kusachi kwenyewe kulikuwa haramu.

Anaweza akasema haya basi tunaita mbwa. Mbwa kunusa nje ya gari wakati polisi bado anaandika onyo lako siyo upekuzi kwa hesabu ya mahakama tangu 2005, lakini kukuweka ukimsubiri mbwa baada ya shughuli ya taa kwisha hairuhusiwi bila shaka yenye msingi. Mwaka 2015 jamaa wa Nebraska, Rodriguez, alicheleweshwa dakika 7 au 8 tu baada ya kupewa onyo, majaji 6 kwa 3 wakasema hata hizo ni nyingi mno. Kwa hiyo saa ni rafiki yako, kumbuka onyo ulipewa saa ngapi.

Kitu kinachoweza kuharibu yote haya ni harufu. Gari huwa halina ulinzi kama wa nyumba, tangu 1925 enzi za magendo ya pombe mahakama ilishasema polisi akiwa na sababu ya kutosha anasachi gari bila hati, maana gari linaondoka. Na Ohio kwa miaka mingi harufu ya bangi ilitosha kuwa sababu hiyo. Tangu Desemba 2023 bangi ni halali kwa watu wazima Ohio, na sisi mawakili tunabishana kwamba harufu ya kitu halali inathibitisha nini, ila usijitolee gari lako kuwa mfano wa huo ubishi. Na kwa mgeni nasema kwa herufi kubwa, kwa SERIKALI KUU bangi bado ni haramu na uhamiaji ni wa serikali kuu, usiibebe, usimbebee mtu, usikiri kuvuta.

Simu hukuiuliza ila naongeza kwa sababu litakuja. Hata akikukamata kabisa, simu yako hawezi kuifungua aisome bila hati ya jaji, majaji wote tisa walikubaliana 2014. Kwa hiyo ukiombwa namba ya siri ni ileile, unakataa kwa heshima.

Kuhusu shemeji. Dereva lazima utoe leseni, usajili na bima. Abiria hana leseni ya kuonyesha, na sheria ya Ohio inamdai mtu ataje jina, anwani na tarehe ya kuzaliwa pale polisi anapomshuku kwa msingi kwamba katenda au anataka kutenda kosa, au aliona kosa fulani zito likitendeka. Taa yako ya pleti siyo kosa la shemeji. Angeweza kuuliza, "nalazimika?" Polisi wanaruhusiwa kuomba, na wengi wanatoa tu, ni uamuzi wake. Asichotakiwa kufanya kamwe ni kutaja jina la uongo. Na akiulizwa ni raia wa wapi anaweza kunyamaza kabisa, lakini asiseme yeye ni Mmarekani kama siyo, huo uongo mmoja unaweza kumfungia milango ya uhamiaji maisha yake yote. Mwenye green card, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, aliyefikisha miaka 18 anatakiwa na sheria ya serikali kuu aitembeze, asiiache kabatini. Na abiria naye akisimamishwa ndani ya gari anahesabika amesimamishwa, mahakama ilisema hivyo 2007, kwa hiyo shemeji ana haki ya kulalamika kwa jina lake mwenyewe, hategemei wewe.

Malalamiko sasa. Ile kanuni ya kutupa ushahidi uliopatikana kwa njia haramu, ambayo kwa majimbo yote ilianzia Cleveland hukohuko kwenye kesi ya mama mmoja, Dollree Mapp, mwaka 1961, polisi walimvunjia mlango wakampungia karatasi wakidai ni hati, inasaidia mwenye mashtaka. Wewe huna mashtaka, hakuna cha kutupa. Kinachobaki ni lalamiko la maandishi kwenye idara ya polisi husika, ambalo ni bure, au kesi ya madai kwenye mahakama ya serikali kuu kwa kuvunjiwa haki za Katiba, ambayo kwa Ohio una miaka miwili tangu siku ya tukio. Kwa upande wa gari sikushauri utumie hela yako, "sawa" yako itachezwa mbele ya jaji na fidia hata ukishinda itakuwa ndogo. Mwenye hoja nzuri zaidi ni shemeji, alipapaswa bila sababu inayoonekana na begi lake likafunguliwa bila yeye kuulizwa. Ombeni wote wawili video ya kamera ya kifuani ya huyo askari wiki hii, ni kumbukumbu ya umma na mnaweza kuiomba kwa barua tu, andikeni tarehe, saa, barabara na namba ya pleti, wanaweza kudai ada, na msikae mkasubiri kwa sababu hawazitunzi milele.